Mbegu Alizonimegea Mwanarusi

Mimi naitwa Matano, wa Msambweni, na kabla sijaenda mbali nataka jambo moja lieleweke, asije mtu akanikatiza katikati: sikuwa na mwanamke wa pembeni. Sina, sikuwa naye, wala sikuwa nikimtafuta. Niliyekuwa naye ni Mwanarusi, mke wangu wa miaka thelathini na moja, na huyo nusura nimpoteze kwa sababu ya mchicha. Unayetaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe mpaka leo kuna pahali pa kisa hiki sipaelewi, na huenda ninakisimulia nikitumai kwamba nikifika mwisho kitanielea.

Nilikuwa mtunza bustani katika hoteli moja kule Diani kwa miaka ishirini na sita. Bustani ya hoteli ni mapambo tu. Nilikata nyasi, nilipogoa bogenvilia, nilipaka chokaa mawe ya kando ya njia, na kila alfajiri nilifagia majani kabla wageni hawajaamka, ili waamke wadhani miti ya Diani haiangushi majani. Katika miaka yote hiyo sikupanda kitu kinacholiwa. Mara moja nilitia miche mitatu ya pilipili nyuma ya stoo, meneja akaja akasema inaharibu sura. Nikaing'oa. Nyumbani nilikuja siku nne kwa mwezi, na nikifika nilikuta chakula kimefunikwa kwa kawa, nikala, nikalala, nikarudi kazini. Mboga nilizokula siku hizo sikuwahi kujiuliza zilitoka wapi. Zilitoka jikoni, basi.

Mwaka jana nikastaafu, nikarudi kwangu moja kwa moja. Watoto wetu watatu wana nyumba zao. Mkubwa, Mishi, yuko Mombasa na mumewe. Tulibaki wawili. Nami nikasema, alhamdulillahi, sasa nitapumzika na mke wangu. Loh! Kumbe mke wangu alikuwa na mambo yake, na hakuna jambo hata moja kati ya hayo lililokuwa likinihitaji mimi.

Nyuma ya jiko la Mwanarusi kuna bustani yake. Mimi naiita bustani kwa heshima yake tu, maana kwa jicho la mtu wa hoteli ile ilikuwa vurugu. Mchunga umeota ndani ya mchicha, mchicha umeota ndani ya kunde, mnavu umejiotea wenyewe pale yanapomwagwa maji ya vyombo. Bamia huku, mrehani mlangoni mwa bafu, mchaichai, na mlonge mmoja uliokatwakatwa mpaka umebaki kigogo na bado unatoa majani. Hakuna mstari, hakuna njia. Na wanawake wa mtaa wote wanaingia humo kwa mlango wa nyuma bila hata hodi! Huyu anachuma kisamvu, huyu anaacha mche wa pilipili, yule amekuja kuomba majani ya kumwogeshea mtoto mwenye vipele, nao wote wanazungumza na kucheka. Mimi nikitokeza kichwa, kimya. Wanavuta leso zao vizuri, na Mwanarusi ananiuliza, "Baba Mishi, unatafuta kitu?"

"Hapana, natazama tu."

"Basi kaa barazani, nitakuletea chai."

Nikakaa barazani. Nikaletewa chai. Nikakaa tena, nikaletewa tena. Miezi miwili nilikuwa mtu wa kuletewa chai. Naona haya kusema, lakini nitasema: nilijihisi mgeni kwangu. Siku moja nikajaribu kumpalilia, kumsaidia, nikang'oa nilichodhani ni magugu karibu na mlonge. Ukapigwa ukelele! Kumbe ule ndio mchunga wenyewe, mbegu za mama yake. Sikugombezwa. Nilitolewa tu, kwa adabu, kama anavyotolewa kuku.

Mimi nikikasirika sina kelele. Mimi hufagia. Mwanarusi akisikia fagio langu saa ambayo si ya kufagia, anajua. Siku hiyo nilifagia kiwanja mpaka barabarani. Na nilipofika upande ule mwingine wa nyumba, ule wa njiani, ambako palikuwa patupu mbuzi wa watu wakilala, nikasimama nikapatazama. Nikajiambia, Matano, si una mikono? Jifanyie yako.

Nikajifanyia yangu. Wallahi nilifurahi sijui niseme vipi. Nilichimba, nikaleta samadi, nikapiga matuta sita yaliyonyooka. Nikazungusha ua wa fito na makuti, na mlango wake nikauelekeza barabarani, kwa sababu sikutaka kupitapita uani kwa Mwanarusi nikimsumbua. Nikajenga kibanda kidogo cha makuti cha kuwekea jembe na ndoo, na mbele ya kibanda nikaweka mawe matatu makubwa, ya kukalia nikichoka. Mawe mengine nikayapanga kando ya matuta na yote nikayapaka chokaa. Ilipendeza hiyo! Hoteli yenyewe ingeionea wivu.

Hapo ndipo watu walipoanza kunichanganya.

Tulipotoka kuswali alasiri, mzee mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Matano, Mwenyezi Mungu akujaalie uadilifu." Nikaitikia amina, maana dua haikataliwi. Lakini njiani nikawa najiuliza, uadilifu wa nini? Wa kumwagilia matuta sawasawa? Kesho yake mwingine akaniambia, "Mashallah, bado una nguvu, bwana." Nikamwambia ndiyo, kuchimba nachimba bado vizuri. Akacheka mpaka akashika ukuta. Wanawake nao wakaacha kunisalimu. Dada yangu Subira, ambaye nyumba yake imepakana na yangu na ambaye hajawahi kupita mlangoni kwangu pasipo kunitia maneno, alipita mara tatu kwa siku akiwa amefunga mdomo. Subira kufunga mdomo! Nilidhani anaumwa jino.

Na Mwanarusi? Mwanarusi akawa mpole. Si upole wake. Wake una ukali ndani, nimeuzoea. Huu ulikuwa wa mtu anayempokea mgeni wa heshima. Akaanza kuniandalia chakula katika vyombo vya wageni, vile vya kabatini. Ananikaribisha, ananinawisha mikono, anaondoka. Nikimwambia, "Kaa tule," anasema ameshakula. Mimi mjinga nikadhani amefurahishwa na bustani.

Miche niliagiza Ukunda, kwa msichana mmoja anaitwa Purity, mtu wa bara, ana kitalu chake pale. Akaja mwenyewe na tuktuk, trei za miche zimejaa nyuma, amevaa suruali na kofia, akashuka mbele ya mlango wangu wa barabarani mchana kweupe. "Wueh! Mzee, hii shamba iko fiti! Ikimea utaniita nikuje kula, ama?" Nikamwambia karibu sana, mwanangu. Akaingia ndani ya ua, akapima matuta kwa hatua, akachungulia kibanda, akakaa juu ya jiwe mojawapo na kuomba maji. Nikamletea maji kwa glasi. Njia nzima ilikuwa imesimama ikitazama. Nami nikasema moyoni, naam, na watazame, wameona kazi ya fundi.

Siku ya pili yake Mwanarusi akanijia pale uani pangu. Ndiyo mara ya kwanza kuingia. Akasimama, akatazama matuta, kibanda na mawe. Mkononi ana furushi, leso yake kuukuu imefungwa ncha kwa ncha. Akalinyosha kwangu kwa mikono miwili.

"Chukua, Baba Mishi. Nimemega kila kilichomo uani kwangu. Mbegu ziko ndani na pingili pia. Isije ikasemwa Mwanarusi ni mnyimivu."

Jamani. Mbegu za mchunga wa mama yake! Mimi niliyetolewa uani mwake kama kuku, leo naletewa mbegu kwa mikono miwili! Furaha ilinijaa mpaka nikacheka kwa sauti. "Ahsante, mke wangu! Ahsante sana! Hivi ndivyo nilivyokuwa nataka!" Nikalipokea, nikalifungua palepale, nikaanza kupekua ndani. Yeye alisimama kidogo akinitazama. Kisha akageuka akaenda zake, nami sikumtazama anavyokwenda, nilikuwa nikihesabu mbegu za bamia.

Ijumaa niliporudi kutoka msikitini, Mwanarusi hayupo. Jiko limefagiwa, jivu limezolewa, mtungi umefunikwa. Kanzu zangu zimekunjwa kitandani. Ufunguo wa kabati ameuacha kwa Subira. Nikapiga simu, akapokea kutoka kwa kaka yake, Matuga.

"Umekwenda kusalimia?" nikamwuliza.

"Nimekuja kukaa. Sina neno nawe, Baba Mishi. Lea bustani yako." Akakata.

Nikashika tama. Nimefanya nini? Nikapitisha kichwani kila siku tangu nirudi. Nimemtukana? Hapana. Nimemnyima? Hapana. Nimepanda mboga! Jioni Mishi akanipigia kutoka Mombasa akilia. "Baba, ni kweli?" Nikamwuliza kweli nini. "Mungu anakuona, baba." Naye akakata. Nikashika fagio nikafagia, nikafagia, mpaka Subira akachungulia dirishani na kulifunga.

Sasa hapa ndipo penye kosa langu, nalikubali. Mtu mwenye akili angekwenda Matuga siku ile ile. Mimi nikanuna. Nikasema, kama mke amenihama kwa sababu ya mboga, basi na ahame. Sitamwuliza mtu. Kwa hivyo wiki nne nzima nilikaa peke yangu na furushi lile. Subira alinitumia chakula, anakiweka kizingitini anagonga anaondoka. Na mimi, kwa hasira, nikazipanda mbegu za Mwanarusi zote. Miche ya Purity nikaipa tuta moja tu. Matuta mengine matano yote yakawa ya mbegu za mke wangu. Asubuhi na jioni niko nazo. Nikizungumza, nazungumza nazo. Kuna siku nilimwambia mrehani habari zangu zote za hotelini, na hiyo ndiyo hali niliyofikia.

Wiki ya nne Subira akashindwa. Alileta wali, akauweka kizingitini, akagonga, na safari hii hakuondoka.

"Matano. Mimi ni dadako, nitakuuliza. Unamleta lini?"

"Namleta nani?"

"Usijitie hamnazo! Yule wa tuktuk!"

"Purity? Ameshaleta. Miche yote nimepata."

Subira akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Akaketi palepale kizingitini karibu na wali. "Ndugu yangu," akasema taratibu, "wewe ile bustani umeipanda ya nini?"

"Ya mboga."

"Ya mboga za nani?"

"Zangu!"

"Mwanamume gani wa hapa umemwona akapanda mchicha wake? Baba alipanda minazi. Babu alipanda mikorosho. Mboga za nyuma ya jiko ni za mwenye jiko, na mwenye jiko ni mke. Wewe una mke mmoja, jiko moja, bustani moja. Ukajenga ua wa pili. Ukautia mlango wa barabarani, wake wasikutane. Ukaweka na mafiga!"

"Mafiga gani?"

Akanyosha kidole. Nikatazama. Mawe matatu mbele ya kibanda. Yarabi. Ni mafiga yale, hata mimi sasa niliyaona. Jiko la bi arusi, na limepigwa chokaa.

"Mawe ya kukalia yale," nikasema.

"Na mkeo amekumegea mbegu, nawe ukapokea."

"Alinipa zawadi!"

"Zawadi!" Subira akapiga paja. "Kwa kina Mwanarusi, upande wa mama zake, mume akitaka kuoa, mke mkubwa haulizi wala hagombi. Anamega mbegu za bustani yake, anampa mume ampelekee yule mpya, asiingie kwenye uwanja mtupu. Mume mwenye haya akipewa lile furushi hulirudisha bila kulifungua, na mambo yakaisha hapo, hakuna aliyesema kitu. Ndiyo nafasi yake ya mwisho. Akilipokea, ameoa. Wewe, ameniambia, hukulipokea tu. Ulilifungua mbele yake ukacheka."

Nilikaa chini. Mambo yote ya mwezi mzima yakanirudia moja moja: uadilifu, nguvu, vyombo vya wageni, kilio cha Mishi. Watu wote wa Msambweni walijua ninaoa ila mimi.

Nikainuka na jembe nikiwa na nia ya kuvunja ule ua. Subira akanishika. "Ukivunja watasema msichana amekukataa." Nikasema basi nauacha. "Ukiuacha, basi kumbe unamngoja." Nikasema nitatangaza msikitini kwamba sina mwanamke. "Ndivyo wanavyosema wote wenye wanawake." Nikamwuliza, nifanye nini sasa? Akasema hajui. Nami nilimtegemea kwa kujua. Tukabaki pale kizingitini, wali ukipoa, ndugu wawili tuliochanganyikiwa.

Asubuhi nikaoga, nikavaa kanzu, nikaondoka. Nikashuka Kombani, nikapanda bodaboda mpaka kwa shemeji yangu Abdulaziz. Huyo ni kaka mkubwa wa Mwanarusi, fundi wa kushona, mtu wa maneno machache. Alinipokea kwa salamu zote, akanikalisha sebuleni, akakunja mikono. Mwanarusi alikuwa nje, upande wa pili wa mlango uliokuwa wazi, ameketi mkekani akipukusa kunde, mgongo wake kwetu. Hakugeuka.

"Sema, shemeji," Abdulaziz akasema.

Nikasema. Na nilivyosema ovyo! Nilianza na Purity, nikamwambia yule msichana sina habari naye, amekuja mara moja tu. Abdulaziz akauliza, "Basi alikuja?" Nikasema alikuja kuleta miche. "Ya bustani ile?" Ya bustani ile. "Akakaa juu ya mafiga?" Si mafiga, ni mawe. "Ukampa maji?" Nikampa maji. Kila nikijibu naona natumbukia zaidi. Nikataka kula yamini, akaniinulia mkono. "Usiape, shemeji. Wanaooa kwa siri wote huanza kwa kuapa. Wewe umeoa, hiyo si haramu. Ila ulipaswa kumwambia mkeo maneno mawili, kabla ya kumjengea mwenziwe jiko mbele ya macho yake."

Ukweli wote nilikuwa nao, na haukunifaa kitu.

Hapo ndipo Mwanarusi alipouliza, bila kugeuka, mikono yake ikiendelea na kunde: "Zile mbegu nilizomega. Zimemwotea huyo aliyepewa?"

Sijui nini kilinipata. Nadhani mwezi mzima nilikuwa nikingoja mtu aniulize swali hilo. Nikasahau shemeji, nikasahau na kanzu, nikageukia mlangoni.

"Kunde zimetoka siku ya nne, lakini zimeingiwa na wadudu weusi chini ya majani. Nimewapaka jivu, wakapungua, wakarudi. Bamia mbegu kumi na tisa, zimeota kumi na moja, nadhani nilizifukia mno. Mnavu sikufanya kitu, umeota hata njiani. Pingili za kisamvu zote zimeshika ila moja, na ile moja niliipanda kichwa chini, nimeigeuza lakini wapi. Mrehani u hali njema. Ila mchunga, Mwanarusi! Mchunga umenitoa jasho. Nimeupanda tutani, ukaota kidogo ukakauka. Nikapanda tena, ukakauka tena. Mbegu zikabaki chache nikaingiwa na hofu, nikijua ni za mama yako. Hizo za mwisho nikazitia kwenye kopo kivulini, nikawa nalala nazo dirishani, mbuzi wasije. Sasa miche saba. Saba iko hai, nimeihesabu asubuhi hii kabla sijaja."

Mikono ya Mwanarusi ilikuwa imetulia.

"Ulikuwa ukiumwagilia saa ngapi?" akauliza.

"Mchana. Nilipouona umelegea."

"Mchana!" Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikauona uso wake. "Mchunga unamwagiliwa mchana, jua kali? Miaka ishirini na sita ulikuwa ukifanya nini huko hotelini?"

"Nikikata nyasi."

"Ni nani aliyepalilia?"

"Mimi."

"Aliyepaka jivu?"

"Mimi, Mwanarusi. Hakuna mwingine. Hajawahi kuwapo."

"Na mchicha? Umetoka? Mmeula na nani?"

"Umetoka mpaka umenifika magotini, umeanza kutoa mbegu. Sijaula. Sikujua unachumwa vipi, kama unang'olewa au unakatwa vichwa, nikaogopa kuuharibu. Nimeuacha tu."

Akanitazama. Abdulaziz akanitazama, akamtazama dadake. Mwanarusi akaweka ungo kando, akainuka, akaja akasimama mlangoni.

"Nikuambie kitu, Baba Mishi," akasema. "Mimi sikuondoka kwa sababu ya mke. Wanaume huongeza wake. Nilijiambia nitazimega mbegu, nitampa, na nitamtazama usoni. Akisita, hata kidogo tu, nitakaa. Ukacheka. Nilikupa mbegu za mama yangu huku moyo unanikatika, nawe ukacheka kama umepewa ng'ombe."

Nikajaribu kusema nilicheka kwa kuwa nilidhani hatimaye amenikaribisha. Maneno yalitoka vipande vipande. Nikasema kwamba kule barazani chai ilinishinda, kwamba nilitaka na mimi niwe na pahali nyumbani mwangu ambapo nikiingia siulizwi natafuta nini, kwamba niliona haya kuomba. Mtu mzima, mvi zote hizi, nimwombe mke wangu tuta moja? Machozi yalinijia na sikuyazuia, wala Abdulaziz hakujifanya hayaoni, alinipa kitambaa cha kushona kilichokuwa karibu naye.

Mwanarusi akamgeukia kaka yake. "Kwetu mbegu iliyomegwa hairudishwi. Ikishaota imepata mwenyewe. Kweli si kweli?"

"Kweli," Abdulaziz akasema kwa mashaka.

"Basi mwenyewe ni huyu. Ana ua wake, ana mafiga yake, amepokea mbegu kwangu kwa mikono miwili na watu wote wameona." Akanielekezea kidole. "Huyu ndiye mke mwenzangu."

Abdulaziz akaangua kicheko mpaka akakohoa. Mimi sikujua nicheke au nijitetee.

"Nami ni mke mkubwa," Mwanarusi akaendelea, bila hata kutabasamu. "Kwa hivyo tutapeana zamu. Siku mbili jiko langu, siku mbili lako. Mimi leo nimechoka, nina safari ya kurudi kwangu. Zamu ni yako. Utanipikia mchicha huo."

Nimesamehewa au nimehukumiwa? Watu watasema nini wakiniona nimeinama kwenye yale mawe, moshi machoni? Na kuwasha kuni nawasha vipi? Maswali yalikuwa mengi, nikashika moja tu lililokuwa karibu.

"Haya," nikasema. "Lakini mchicha wenyewe, Mwanarusi, unachumwa vipi? Nifundishe."

Hakunijibu. Akaketi palepale kizingitini, akavuta leso usoni, akalia, mabega yakimtikisika. Abdulaziz akatoka nje polepole na kutuachia sebule. Nami nikapiga magoti mbele yake nikiwa sijui la kufanya na mikono yangu.

"Nimesema nini tena?" nikamwuliza. "Mwanarusi, nimekosea nini tena?"

"Hukukosea," akasema ndani ya leso. "Miaka thelathini na moja, Baba Mishi. Ndiyo mara ya kwanza umeniuliza kitu cha uani mwangu."